Maswali ya Bustani: Mforsadi Nyumbani, Kutoka Mikindani Hadi Nachingwea

Toleo lililopita tuliutaja mforsadi miongoni mwa vichaka vya matunda vinavyofaa kiwanja cha nyumba, tukawaahidi wasomaji kwamba maswali yao yatajibiwa. Barua za Mtwara na Lindi ndizo zilizojaa zaidi. Mti unapendwa, hilo halina shaka, ila wengi wanaupanda kwa kubahatisha. Tunaouzungumzia hapa ni ule wenye tunda dogo lililojaa vipunje, linaloanza kijani, likawa jekundu, kisha likaishia weusi wa zambarau. Ni mti unaopukutisha majani, unaovumilia jua kali, na unaochipua kila ukatwapo. Baadhi ya barua zilizotufikia zinahusu mambo hayo.

SWALI: Mforsadi wangu una miaka miwili. Tangu mwishoni mwa Julai umepukutisha majani yote, yamebaki matawi matupu. Jirani ananiambia umekufa, niung'oe nipande mpapai. Nifanyeje?
— Msomaji, Newala

JIBU: Usiung'oe kabla hujaupima. Chukua tawi lenye unene wa kidole, likwaruze gome kwa ukucha. Ukikuta rangi ya kijani yenye unyevu chini ya gome, tawi li hai. Ukikuta kahawia kavu, shuka sentimita 20 ukwaruze tena, na uendelee hivyo mpaka ufikie kijani. Hapo ndipo pa kukata, juu kidogo ya jicho, na sehemu kavu yote uitupe. Kipimo kingine ni kupinda kitawi chembamba: kilicho hai hupinda kama upinde, kilichokufa hukatika papo hapo. Mti uliokauka kijani chake mpaka kwenye shina karibu na ardhi ndio wa kukatia tamaa, na hata huo upe nafasi hadi Januari, maana mara nyingi huchipua kutoka shinani.

Mforsadi kwa asili yake hupukutisha. China, ambako mforsadi mweupe ulianza kupandwa kwa ajili ya viwavi wa hariri, mti hulala wakati wa baridi na kuamka joto likirudi. Kwetu baridi hiyo haipo. Kinachoulaza ni kiu. Mvua za kusini hukatika Aprili au Mei, na mpaka Novemba au Desemba mti hauna maji ila yale uliyoyahifadhi au uliyomwagiwa. Kwa hiyo unatupa majani ili maji yasipotee kupitia huko. Mforsadi ulio karibu na bomba au panapooshewa vyombo unaweza kubaki kijani mwaka mzima, wakati wa kwako, huko juu ya uwanda wa Makonde ambako maji ya kiangazi ni ya kununua, umebaki fito tupu. Yote miwili ni mizima.

Kwa mti wa umri huo, lita 20 kila baada ya wiki mbili zinatosha kuiweka mizizi hai. Usitie mbolea sasa. Na jihadhari na jambo moja linaloua miforsadi mingi iliyolala: kuiamsha kisha kuiacha. Ukimwagia maji mengi kwa wiki mbili macho yatafumuka. Ukiacha, machipukizi yananyauka, na mti unakuwa umetumia akiba yake bure. Ama uache ulale hadi mvua, ama uamue kuuamsha na umwagilie bila kukatiza.

Hayo ni ya mti uliokwisha kushika. Mche ambao haujamaliza mwaka mmoja ardhini hauna mizizi ya kuvumilia kiangazi cha kwanza. Upe lita 10 mara mbili kwa wiki kuanzia Juni, na matandazo ya nyasi kavu yenye kina cha sentimita 10. Acha nafasi ya shubiri moja kati ya nyasi na shina, la sivyo mchwa watapanda kupitia hapo.

SWALI: Nilikata matawi nikayachomeka kwenye viriba 30. Karibu yote yalitoa majani ndani ya wiki mbili. Nilipoyahamishia bustanini yakaanza kunyauka moja baada ya jingine, sasa nimebaki na mche mmoja. Nimekosea wapi?
— Msomaji, Mikindani

JIBU: Umehamisha mapema, dada. Kipandikizi cha mforsadi kina chakula ndani ya mti wake, na chakula hicho hutoa majani kabla hata ya unywele mmoja wa mzizi kutokea. Majani ya wiki mbili hayasemi lolote kuhusu kinachoendelea chini. Usikivute kipandikizi kukijaribu, maana mizizi ya mwanzo ni laini kama uzi na hukatika. Inua kiriba utazame matundu ya chini: ncha nyeupe za mizizi zikichungulia, na juu pakiwa na chipukizi jipya lenye urefu wa sentimita 30 au zaidi, mche uko tayari. Kwa kawaida hiyo ni miezi mitatu hadi minne.

Anza upya Septemba ili upande Januari. Tafuta mti ambao matunda yake umeyaona na kuyaonja. Chagua tawi la mwaka mmoja, lililokwisha kugeuka kahawia, lenye unene wa penseli. Tawi la kijani huoza, na tawi nene la zamani huchelewa kutoa mizizi. Ncha laini ya juu itupe. Kata vipande vya sentimita 20 vyenye macho manne. Chini kata mshazari, chini kidogo tu ya jicho, kwa kuwa mizizi hupenda kutokea hapo. Juu kata bapa, sentimita moja juu ya jicho. Tofauti hiyo ya mikato inakusaidia usichomeke kipande kichwa chini, jambo linalotokea mara nyingi vipande vikishachanganyika ndani ya ndoo. Tumia mkasi wa kupogolea au kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti. Panga butu hupasua ncha, na ncha iliyopasuka huoza.

Udongo wa Mikindani una mchanga wa kutosha, kwa hiyo usiongeze mwingine kama vitabu vinavyoelekeza. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu na sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, isiyo na joto wala harufu kali. Samadi ya kuku ikae angalau miezi mitatu kabla ya kuitumia, na hata hapo punguza iwe nusu ya kipimo hicho. Mwagilia viriba siku moja kabla. Toboa kwa kijiti, ingiza kipandikizi theluthi mbili ya urefu wake ili jicho moja au mawili yabaki juu, kisha bana udongo kwa vidole pasibaki uwazi. Uwazi wa hewa kuzunguka mkato wa chini ndio unaokausha vipandikizi vingi hata udongo ukiwa na maji.

Weka kitalu chini ya makuti yanayopitisha nusu ya mwanga. Mwagilia asubuhi, mara moja. Ukikamata udongo wa kiriba ukatoka maji kati ya vidole, umezidisha. Wiki mbili kabla ya kuhamisha, punguza makuti nusu, halafu yatoe yote, ili miche izoee jua.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande na kina sentimita 60. Udongo wa juu uweke kando ya ule wa chini, uchanganye na ndoo moja ya lita 20 ya samadi, huo ndio uurudishe kwanza kuzunguka mizizi. Miche ya matunda ipishane mita 3. Ukitaka ua wa kichaka, mita 1 inatosha, lakini matunda yatakuwa machache. Usipande chini ya mita 5 kutoka karo la choo, kisima au tangi la maji lililofukiwa ardhini. Mizizi ya mforsadi hufuata unyevu na hupenya kwenye ufa mdogo. Wenzetu wa Newala na Tandahimba wanaotegemea matangi ya maji ya mvua walizingatie hili kuliko wote.

Kwenu pwani mna na upepo wa kusi wenye chumvi. Panda upande wa nyumba au ukuta unaokinga kusi, la sivyo kingo za majani zitaungua. Na mkishapanda Januari, msiitegemee mvua kwa kila kitu: mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari mara nyingi hukatika kwa wiki moja au mbili, na huo ndio mtihani wa kwanza wa mche mchanga. Mwagilieni siku hizo.

SWALI: Majani machanga ya mforsadi wangu ni ya njano lakini mishipa yake imebaki kijani. Ndugu yangu wa Newala huwa anatia majivu na mti wake umestawi. Nimetia majivu kila mwezi lakini naona njano inazidi.
— Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Acha majivu leo. Ndugu yako yuko kwenye udongo mwekundu wa mchanga uliooshwa na mvua kwa miaka mingi, una uchachu, na majivu hupunguza uchachu huo. Wewe uko juu ya mawe ya matumbawe, yaani chokaa tupu. Udongo wako tayari umeelemea upande wa chokaa, na kila debe la majivu linauongezea. Katika hali hiyo chuma kilichomo ardhini hufungwa, mizizi haiwezi kukinyonya, na dalili yake ndiyo hiyo hasa: jani changa la njano lenye mishipa ya kijani. Ingekuwa upungufu wa naitrojeni, majani ya chini, yale ya zamani, ndiyo yangeanza, na yangekuwa njano yote pamoja na mishipa.

Chimba mfereji wa duara mita 1 kutoka shina, kina sentimita 30, ujaze mboji na samadi ndoo 3, ufunike. Rudia kila mwanzo wa mvua. Tandaza nyasi na majani makavu muda wote, kwa kuwa yanapooza huachia asidi kidogo kidogo. Ukiweza kupata mbolea ya majani yenye chuma kwenye duka la pembejeo, inyunyizie jioni kwa kipimo cha lebo, mara mbili kwa kupishanisha wiki mbili. Majani yaliyokwisha kuwa njano hayatarudi vizuri. Tazama yanayotoka mapya.

Kwa miche ijayo, inua tuta la sentimita 40 la udongo ulioletwa kutoka mbali na jiwe, upande juu yake.

SWALI: Mforsadi una miaka minne, unatoa maua kila mwaka, lakini sijawahi kuona tunda. Niliuotesha kwa mbegu.
— Msomaji, Masasi

JIBU: Kwa kuwa uliuotesha kwa mbegu, shaka ya kwanza ni kwamba ni dume. Mforsadi unaweza kuwa na maua ya kiume peke yake, ya kike peke yake, au yote kwenye mti mmoja. Ua la kiume ni kishada kirefu, chepesi, kinachoning'inia, hutoa vumbi la njano likiguswa, na huanguka lote baada ya siku chache. La kike ni fupi, nene, la kijani, lina vinywele vyeupe juu yake, na hubaki mtini likivimba. Chungulia yafuatayo yakitoka.

Likiwa dume, usilisubiri libadilike. Ama likate uwalishe mbuzi majani, maana ni chakula kizuri sana cha mifugo, ama jifunze kupachika kikonyo, yaani kitawi, cha mti unaozaa juu ya machipukizi yake. Likiwa jike na maua yanadondoka, angalia kivuli: chini ya saa 6 za jua kwa siku matunda huwa haba. Ndiyo maana tunasisitiza vipandikizi badala ya mbegu. Mti wa kipandikizi hurithi jinsia na utamu wa mama yake, na unaweza kuonja tunda la kwanza mwaka wa pili.

SWALI: Miche yangu imedumaa kitaluni. Nilipong'oa mmoja nikakuta mizizi ina vinundu kama ya kunde. Nilidhani ni vizuri, vinarutubisha udongo?
— Msomaji, Lindi mjini

JIBU: Kwa bahati mbaya si hivyo. Kinundu cha kunde kimebandikwa pembeni ya mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinatoka, na ukikipasua ndani ni chekundu. Ulichokiona ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki. Hao ni minyoo fundo, na udongo wa mchanga wa joto ndio makao yao. Uliza udongo wa viriba ulichotwa wapi: mara nyingi ni kwenye tuta la zamani la nyanya, bilinganya au bamia.

Miche yenye vinundu ichome pamoja na mizizi yake, hata kama majani bado ni mazuri. Ukiihamishia bustanini utakuwa umewapanda minyoo hao mahali pa kudumu. Udongo mpya utandaze unene wa sentimita 20, uuloweshe, uufunike kwa nailoni angavu iliyobanwa kingo zote, uuache juani wiki 6. Oktoba ni mwezi mzuri kwa kazi hiyo. Nailoni nyeusi haipandishi joto vizuri kama angavu. Na viriba vipya visikae chini moja kwa moja. Viweke juu ya kokoto au chanja.

SWALI: Mforsadi uko katikati ya mikorosho. Majani yana unga mweupe chini. Je, ni ubwiriunga wa mikorosho? Naweza kuupulizia salfa ileile? Na matunda watoto wanaweza kula?
— Msomaji, Tandahimba

JIBU: Tuanze na la watoto, kwa sababu ndilo kubwa. Salfa ya unga si hatari sana: tunda likioshwa vizuri kwa maji mengi linalika. Hatari ni dawa za kuua mbu wa mikorosho na wadudu wengine, ambazo bomba la mota huzirusha mbali na upepo huzipeleka mbali zaidi. Tunda la mforsadi halina ganda la kumenya. Dawa ikitua juu yake imeingia. Shamba likipuliziwa dawa ya wadudu, matunda yaliyopo mtini wakati huo yasiliwe kabisa, yachumwe na kufukiwa. Kama mforsadi uko ndani ya mita chache kutoka mikorosho inayopuliziwa kila msimu, ushauri wetu ni kuchukua vipandikizi vyake, kuanzisha mwingine karibu na nyumba, na kuufanya huo wa shambani kuwa wa kivuli tu.

Unga huo ni ubwiriunga pia, ila kuvu wa mforsadi kwa kawaida ni wa jamii tofauti na wa mkorosho. Kinachofanana ni majira: umande wa asubuhi za Juni hadi Agosti. Mforsadi uliosongwa na kivuli, usiopitisha hewa, ndio unaoshikwa. Dawa ya kwanza ni mkasi. Punguza matawi ya ndani mwanga upenye, okota majani yaliyoanguka uyachome. Salfa inafanya kazi, lakini tumia ya kuchanganya na maji, gramu 40 kwa bomba la lita 20 (lebo ikisema vingine, fuata lebo), uelekeze mdomo wa bomba chini ya majani maana huko ndiko uliko unga. Pulizia alfajiri au jioni. Salfa ikikutana na jua kali la saa saba mchana huunguza majani. Vaa barakoa, na usitumie bomba lililobeba dawa ya wadudu bila kulisafisha.

Jambo jingine la mikorosho: msitandaze maganda ya korosho mabichi kwenye shina la mforsadi. Mafuta ya maganda hayo huunguza ngozi ya mtu, na kwenye mizizi michanga hayana faida.

SWALI: Mti umefika kimo cha paa. Matunda yako juu tu, popo na ndege ndio wanaofaidi. Naogopa kuukata nisije nikapoteza mazao.
— Msomaji, Nachingwea

JIBU: Kutoukata ndiko kunakokupotezea mazao, mzee wetu. Tazama kwa karibu jicho la mforsadi linapofumuka kwenye tawi la mwaka jana. Linatoka chipukizi, na kwenye vikonyo vya majani yake matatu au manne ya kwanza tayari kuna vitu vidogo vya kijani kama miswaki midogo. Hayo ndiyo matunda yajayo. Bila chipukizi jipya hakuna tunda. Mti usiopogolewa hutoa machipukizi mapya kwenye ncha tu, na ncha za mti wako ziko juu ya paa.

Kwa mti mchanga kazi ni rahisi. Ukifika mita 1, kata shina kwenye sentimita 70, uache matawi manne au matano yanayoelekea pande tofauti. Mwaka wa pili yakate nusu. Kuanzia wa tatu, kila baada ya mavuno fupisha machipukizi yote yabaki na macho matatu au manne, na ung'oe yanayotoka chini ya ardhi. Mti utabaki kwenye kimo cha mita 2, unachumwa ukiwa umesimama.

Wa kwako ni mkubwa, usiushushe kwa siku moja. Jeraha nene kuliko mkono wa mtu hutoa utomvu mwingi, huchelewa kufunga, na mti huanza kuoza ndani. Ondoa theluthi ya matawi marefu mwaka huu, theluthi mwakani, na yaliyobaki mwaka wa tatu. Kata wakati mti hauna majani. Tumia msumeno: kwanza kata kidogo kutoka chini, ndipo umalizie kutoka juu, ili tawi lisianguke na kuchuna gome la shina.

Wakati wa kukata unategemea maji uliyonayo. Mwenye maji apogoe Agosti, avunje kwa mkono majani yote yaliyobaki, kisha atie ndoo 1 ya samadi na lita 20 za maji kila siku ya tatu. Macho hufumuka ndani ya wiki mbili hivi, na matunda huiva baada ya kama miezi miwili hadi miwili na nusu, yaani Oktoba na Novemba, jua likiwa kali na matunda yakiwa matamu. Asiye na maji apogoe mwishoni mwa Novemba. Matunda yatakuja na mvua, yatakuwa na maji zaidi na sukari kidogo, na yatashika ukungu upesi, kwa hiyo yachumwe kila siku. Usipogoe zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Mti unaokatwa bila kulishwa hudhoofika, matunda yanakuwa madogo mwaka hata mwaka.

Kwa ndege na popo, nyavu kuukuu za dagaa zinafaa kwa sababu macho yake ni madogo. Zisilale juu ya majani. Simika fito nne ndefu kuliko mti, tandika wavu juu, ufunge chini pande zote. Wavu ulioachwa wazi chini huwaingiza ndege wakashindwa kutoka.

SWALI: Ndugu yangu aliyeko Ulaya ana kichaka cha matunda kiitwacho karanti nyeusi (blackcurrant), anasema kinavumilia hata theluji na hakihitaji kazi. Anataka kuniletea mche. Kitafaa hapa?
— Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Hakitafaa, na kuvumilia theluji ndiko kunakokikatalia. Karanti nyeusi ikishapukutisha majani huingia usingizi ambao hauvunjwi na maji wala joto, bali na baridi yenyewe. Aina nyingi zinahitaji saa 800 au zaidi chini ya nyuzi 7 kabla ya macho kufumuka vizuri na kutoa maua. Mtwara, hata usiku wa Julai, kipimajoto hubaki karibu na nyuzi 18 hadi 20. Mche utatoa majani machache, utadumaa, na kiangazi kitaumaliza. Kwa sababu hiyohiyo matufaa yanalimwa Njombe na Lushoto, si Mtwara.

Mforsadi ni tofauti kwa kuwa aina zinazopandwa kwetu haziidai baridi hiyo. Zikipata ukame au mkasi, hulala na kuamka bila baridi. Ukitaka kichaka kingine kigumu, fikiria mkunazi, ambao nao hupunguza majani kiangazi, ila una miiba. Na mwambie ndugu yako asifungashe mche kwenye mzigo: mimea kutoka nje inahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea, na inakaguliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mdudu au kuvu aliyejificha kwenye kiriba kimoja anaweza kuharibu mashamba ya watu wengi.

SWALI: Tunapata forsadi nyingi kwa wakati mmoja na kesho yake zimeharibika. Tuzihifadhi vipi? Na madoa kwenye nguo yanatokaje?
— Msomaji, Ruangwa

JIBU: Forsadi haiivi ikishachumwa, na ikiiva haikai. Zichume asubuhi umande ukikauka, zile nyeusi zinazoachia zenyewe. Tandika turubai safi chini, utikise tawi kwa upole. Ziweke kwenye chombo kipana, zisizidi vidole vinne kwenda juu, maana za chini husagika. Usizioshe mpaka wakati wa kuzitumia. Nje ya friji ni siku moja, ndani ya friji ni mbili au tatu. Zile za kijani zina utomvu mweupe unaosumbua tumbo, watoto wasizile.

Jamu ndiyo njia nzuri ya zile nyingi. Kilo 1 ya forsadi, robo yake iwe nyekundu zisizoiva sawasawa, kwa sababu hizo ndizo zenye uwezo wa kugandisha. Nyeusi tupu hutoa sharubati badala ya jamu. Zipike na kikombe kimoja cha maji kwa dakika 10, uzipondeponde. Tia sukari gramu 700 na maji ya ndimu 2, koroga mpaka sukari iyeyuke, ndipo uongeze moto ichemke kwa nguvu. Baada ya dakika 15 anza kupima: dondosha kidogo kwenye kisahani cha baridi, subiri nusu dakika, usukume kwa kidole. Ikijikunja juu, iko tayari. Ikitiririka, endelea dakika 3 upime tena. Jaza ingali moto kwenye chupa zilizochemshwa dakika 10, ufunge papo hapo.

Ama madoa, msianze na sabuni. Sabuni hugeuza rangi ya forsadi kuwa ya bluu na doa likaganda. Kamulieni ndimu kwanza juu ya doa likiwa bado bichi, sugueni taratibu, suuzeni kwa maji ya baridi, mrudie mpaka wekundu upungue, ndipo mfue kama kawaida. Jaribuni kwanza kwenye pindo, maana ndimu inaweza kufubaza kitenge.